Kumtafutia mzazi makao ya usaidizi Marekani: mwongozo kamili kwa familia zetu

Familia zetu nyingi zilizo Marekani huanza jambo hili kwa kuchelewa. Mama ameanguka bafuni, hospitali inataka kumruhusu keshokutwa, na watoto wanazunguka na gari wakitazama majengo yenye maua mlangoni. Jengo ni swali la mwisho. Kabla yake kuna matatu: mzazi anahitaji msaada gani hasa, hati zake za uhamiaji zinamfungulia mlango upi, na nani atalipa mwaka wa tatu akiba ikiisha. Ukiyajibu hayo, nyumba zitakazobaki kwenye orodha yako zitakuwa chache na utazitazama kwa utulivu.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba za namna hii. Kila mara naona familia ambayo ingeepuka machungu mengi kama ingejua mambo haya miezi sita mapema.

Nyumba ni za aina gani

Makao ya usaidizi ni mahali ambapo mzee ana chumba chake, analetewa au anaenda kula milo mitatu, anafanyiwa usafi na kufuliwa, na kuna wahudumu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kumeza dawa kwa wakati. Si hospitali. Mara nyingi nesi yupo mchana tu, pengine siku chache kwa wiki. Mengine yana kitengo cha dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ufahamu, ambako milango hufungwa ili mzee asitoke usiku akapotea.

Nyumba za uuguzi ni kitu kingine. Humo nesi yupo saa zote, na wanaoishi humo wana vidonda, mirija, au hawawezi kuinuka kabisa. Nyumba hizi husimamiwa na serikali kuu, na tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, huzipa nyota moja hadi tano. Makao ya usaidizi hayamo katika nyota hizo. Hayo husimamiwa na kila jimbo kwa sheria zake, kwa hiyo ushauri wa shemeji yako wa Ohio unaweza usikufae Texas.

Mfano mzuri ni Texas yenyewe. Huko leseni ni za aina mbili: aina A kwa wazee wanaoweza kutoka wenyewe moto ukizuka na wasiohitaji kuhudumiwa usiku kila mara, na aina B kwa wanaohitaji kushikwa mkono. Ukimpeleka baba mwenye kiharusi kwenye aina A kwa sababu bei ni nafuu, utamhamisha muda si mrefu. Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, ilianza kutoa leseni maalum za makao haya Agosti 2021. Na jimbo la Washington lina nyumba ndogo za kawaida mitaani, ambazo huruhusiwa wakazi sita, au hadi wanane kwa idhini ya ziada. Nyingi kati ya hizo zinaendeshwa na wahamiaji, wakiwemo Wakenya na Waethiopia. Kwa maoni yangu, mzee wetu ambaye Kiingereza chake ni kidogo hupata nafuu zaidi katika nyumba ndogo ya aina hii kuliko katika jengo la watu mia, hata kama jengo lile lina saluni na piano.

Hatua ya 1: Mpime mzazi kwa ukweli

Chukua daftari, uandike kwa wiki mbili. Nyumba yoyote utakayokwenda itapima mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Usiandike "anajiweza." Andika "Jumanne aliinuka mwenyewe, Alhamisi tulimwinua wawili." Ongeza dawa alizosahau, jiko lililoachwa linawaka, simu za matapeli alizopokea, mara alizoanguka. Zaidi ya yote, andika usiku wake: anaamka saa ngapi, anatafuta nini, nani anaamka naye.

Hapa heshima yetu hutuponza. Nesi wa makao anapokuja kufanya tathmini, watoto hawataki kusema mbele ya mzee kwamba anajikojolea au kwamba alimpiga mjukuu akidhani ni mwizi. Wanasema yuko salama. Anapangiwa daraja la chini la huduma, bei inaonekana nzuri, na mwezi wa pili barua inakuja: ama bei inapanda sana, ama aondoke. Mwombe nesi mzungumze pembeni, umweleze yote.

Kabla ya kuamini kwamba ni dimenshia, mpeleke kwa daktari. Maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni, msongo wa mawazo au dawa zinazogongana vinaweza kumvuruga mzee akili, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Nimeona mzee aliyekuwa haongei akirudi kusimulia habari za shamba lake baada ya wiki moja ya dawa.

Zungumza na mwenyewe pia, na fanya hivyo mapema angali anaelewa. Wazazi wetu wamelelewa wakijua kwamba mzee hukaa kwa watoto wake. Ukimtokea ghafla na karatasi za makao, atasikia kwamba ametupwa. Mweleze hali ilivyo: kwamba wewe na mkeo mnafanya kazi zamu za usiku, kwamba ameanguka mkiwa kazini, kwamba mnaogopa. Mwulize anachokiogopa yeye. Wengine huogopa kuoshwa na mgeni, wengine kufia mahali ambapo hakuna wa kumsomea dua au kumwombea. Majibu hayo ndiyo yatakayokuongoza kuchagua nyumba. Kisha waite ndugu wote, wa Dallas na wa Eldoret na wa Mwanza, katika simu moja. Anayelaumu akiwa mbali aambiwe kwa upole gharama ni kiasi gani na aulizwe atachangia nini.

Hatua ya 2: Soma hati zake za uhamiaji kabla ya bei

Hii ndiyo sehemu ambayo miongozo ya Wamarekani haina, na ndiyo inayoamua mengi kwetu.

Mzazi aliyeletwa na mtoto wake kwa grini kadi kwa kawaida hapati Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya fedha za serikali kuu katika miaka 5 ya kwanza. Kizuizi hicho kilitoka katika sheria ya mwaka 1996. Baadhi ya majimbo yana mipango yao ya kujaza pengo, basi uliza. Medicare nayo: mwenye umri wa miaka 65 ambaye hakufanya kazi hapa anaweza kuinunua kwa malipo ya kila mwezi baada ya kukaa nchini miaka 5 mfululizo akiwa na grini kadi.

Kumbuka pia kile kiapo cha kumdhamini ulichotia saini ulipomwombea grini kadi. Hakikomi baada ya miaka 5. Kinaendelea mpaka mzazi awe raia, au ahesabiwe robo mwaka 40 za kazi, yaani takriban miaka 10, au ahame nchi moja kwa moja, au afariki. Wakati kikiwa hai, ofisi ya Medicaid inaweza kuhesabu kipato chako kana kwamba ni chake.

Kwa hiyo uraia wa mzazi ni sehemu ya mpango wa makao. Aombe mara anapofuzu. Mwenye miaka 55 na zaidi aliyekaa na grini kadi miaka 15, au mwenye miaka 50 aliyekaa 20, anasamehewa mtihani wa Kiingereza na kujibu maswali ya uraia kwa Kiswahili. Aliyeugua dimenshia au kiharusi anaweza kuombewa msamaha wa mitihani yote kwa fomu N-648, inayojazwa na daktari. Na hapa kuna mtego unaowakamata wengi: mzazi anayekwenda nyumbani kuangalia shamba na kukaa zaidi ya miezi 6 huhesabiwa kuwa amekatiza ukaaji wake, na itabidi athibitishe vinginevyo.

Ndugu zetu Wakongomani waliokuja kama wakimbizi hawakuwa na kizuizi cha miaka 5. Lakini sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebana: kuanzia Oktoba 2026, mkimbizi ambaye hajapata grini kadi hatahesabiwa katika Medicaid ya serikali kuu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi akitimiza mwaka mmoja nchini. Asingoje.

Tafuta mwanasheria wa uhamiaji, au shirika la msaada wa kisheria lisilotoza, wasome hati za mzazi wako hasa. Saa moja nao ina thamani kuliko ushauri wa kanisani au msikitini, hata ukiwa umetolewa kwa nia njema.

Hatua ya 3: Hesabu ya miaka mitatu

Katika uchunguzi wa bei wa kampuni ya bima ya Genworth wa mwaka 2024, bei ya katikati ya makao ya usaidizi kote nchini ilikuwa dola 5,900 kwa mwezi, sawa na 70,800 kwa mwaka. Nyumba ya uuguzi, chumba cha peke yake, ilikuwa dola 127,750 kwa mwaka. Kuna miji iliyo chini ya hapo na mingine juu sana.

Medicare hailipi kodi ya makao ya usaidizi. Nairudia kwa sababu karibu kila familia huja ikiamini kinyume. Inacholipa ni kukaa kwa muda katika nyumba ya uuguzi baada ya kulazwa hospitali siku 3 mfululizo: siku 20 za kwanza bila mchango wako, kisha mpaka siku ya 100 unachangia zaidi ya dola 200 kwa siku. Na uliza hospitalini kila siku kama mzazi amelazwa rasmi au yuko "chini ya uangalizi", maana anaweza kulala kitandani siku 4 na zile za uangalizi zisihesabiwe.

Medicaid, kwa anayestahili, hulipia nyumba za uuguzi. Kwa makao ya usaidizi, majimbo mengi yana mipango maalum inayolipia huduma, lakini chumba na chakula mzee hulipa mwenyewe kutoka katika kipato chake. Mipango hiyo mara nyingi ina foleni, pengine ya miaka. Jiandikishe hata kama leo huhitaji.

Andika sasa: pensheni au posho ya mzazi, mchango wa kila mtoto kwa jina, akiba, na ongezeko la bei kila mwaka. Mtoto anayesema "tutaona" usimhesabu. Kama hesabu inakatika mwezi wa 14, ni bora ujue leo. Na kama haikai kabisa, njia nyingine zipo: kituo cha wazee cha mchana, mhudumu wa kuja nyumbani saa chache, mpango wa PACE, unaompa mzee matibabu na matunzo yote akiwa anaishi nyumbani, kwa wenye miaka 55 na zaidi penye mpango huo, au mtoto mwenyewe kulipwa na Medicaid ya jimbo amtunze mzazi nyumbani. Kumrudisha mzee nyumbani Afrika ni chaguo halali pia, ikiwa yuko wa kumtunza kweli kule na yeye mwenyewe anataka.

Hatua ya 4: Pata majina, uyachuje

Piga Eldercare Locator, 1-800-677-1116. Ni huduma ya umma, ya bure, watakuunganisha na ofisi ya wazee ya eneo lako. Ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Omba Kiswahili, usimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri habari za haja za bibi yake.

Kuna kampuni za kutafuta makao ambazo hazikutozi chochote. Jua kwamba hulipwa na nyumba zenyewe unapohamia, kwa hiyo zitakupeleka kwenye nyumba zinazozilipa. Chukua majina yao, ila usiishie hapo.

Kisha fungua tovuti ya idara ya afya au ya huduma za jamii ya jimbo, utafute ripoti za ukaguzi za kila nyumba. Karibu kila nyumba ina kosa fulani. Lebo iliyokosekana kwenye friji si jambo la kukutisha. Dawa zilizokosewa mara kwa mara, wahudumu pungufu, mzee aliyeanguka bila familia kuambiwa, kosa lilelile ukaguzi hadi ukaguzi: hiyo nyumba ifute. Mpigie pia ombudsmani wa huduma za wazee, ambaye kila jimbo lina ofisi yake kwa sheria ya serikali kuu. Kazi yake ni kuwatetea wakazi, na anazijua nyumba za eneo lake.

Halafu tumia kitu tulichonacho sisi ambacho wengine hawana. Dada zetu na kaka zetu wengi ni wahudumu katika nyumba hizi. Waulize swali moja: mama yako ungemweka pale? Usiwaombe siri za wakazi, sheria inawakataza. Uso wa anayejibu utakutosha.

Hatua ya 5: Nenda mara mbili, ya pili bila miadi

Ziara ya miadi utaongozwa na mtu wa mauzo. Msikilize, kunywa chai yake. Ziara ya pili nenda Jumamosi au Jumapili jioni, saa ya chakula. Wikendi ndipo upungufu wa watu unapojitokeza.

Tazama kengele ya chumbani inapolia inachukua muda gani mtu kufika. Tazama kama maji ya kunywa yako mahali mzee anapofikia. Kucha. Wazee waliopangwa mbele ya televisheni tangu mchana. Mhudumu anabisha hodi kabla ya kuingia? Anaongea na mzee au anaongea juu ya kichwa chake? Harufu ya mkojo mahali pamoja ni ajali ya saa ile. Ikitanda ukumbi mzima ni desturi ya nyumba.

Maswali ya kumwuliza meneja, na uandike majibu mbele yake:

Usiku wa leo kuna wahudumu wangapi kwa wakazi wangapi, na wako macho au wamelala?
Nani hugawa dawa, na alifundishwa na nani?
Wahudumu hukaa kazini muda gani kabla ya kuacha?
Mzee akianguka saa nane usiku mnafanya nini, na mnanipigia lini?
Ni hali gani itawafanya mseme hamuwezi tena kumtunza?

Swali la usiku ndilo ningelipa uzito kuliko yote. Mchana kila nyumba ina watu. Wazee huanguka wanapokwenda chooni gizani, na aliye peke yake na wakazi 20 hawezi kuwa vyumba viwili kwa wakati mmoja, hata awe na moyo gani.

Ongeza ya kwetu. Je, mama ataogeshwa na mwanamke mwenzake, na siku ambayo hayupo itakuwaje? Mwislamu atapata chakula halali, maji ya kutawadha, na mtu wa kumwelekeza kibla? Mnaruhusiwa kuleta ugali na mboga, na kuna pa kuupasha moto? Wanajua kutunza nywele zetu na ngozi kavu ya majira ya baridi? Kuhusu ngozi kuna jambo la hatari. Kidonda cha kulalia kwenye ngozi nyeusi hakianzi na wekundu kama vitabu vingi vinavyoonyesha. Tafuta sehemu iliyo ngumu, yenye joto au baridi kuliko jirani yake, yenye rangi iliyokoza au ya zambarau. Mwulize nesi anakikaguaje kwa mtu mweusi. Jibu lake litakueleza mengi.

Hatua ya 6: Mkataba usome ukiwa nyumbani

Usitie saini siku ya ziara. Chukua nakala, ukae nayo na mtu anayesoma Kiingereza cha kisheria vizuri.

Tenga kodi ya msingi na malipo ya daraja la huduma, kwa sababu tangazo hutaja ya kwanza tu. Tafuta ada ya kuingia, ambayo mara nyingi hairudishwi. Tafuta wanapandisha bei kwa notisi ya siku ngapi, na nani anaamua kwamba mzazi amepanda daraja. Akilazwa hospitali wiki mbili, mnaendelea kulipa nini? Akifariki tarehe 6, mwezi uliobaki unarudishwa?

Kipengele cha kumwondoa mkazi kisome mara mbili. Maneno kama "mahitaji yakizidi uwezo wetu" bila maelezo yanawapa uhuru wa kumtoa wakati wowote. Waombe waeleze kwa maandishi: akihitaji watu wawili kumwinua, je? Akianza kutangatanga usiku? Fedha zake zikiisha na akapata Medicaid, mtamweka au atatoka? Ahadi ya mdomo ya meneja huondoka na meneja huyo.

Kuna kifungu cha kukubali usuluhishi badala ya kwenda mahakamani. Uliza kama unaweza kukikataa na bado mzazi akaingia. Mara nyingi inawezekana. Na angalia unatia saini kama nani. Ukiwa na hati ya uwakilishi wa kisheria, andika kwamba unasaini kwa niaba ya mzazi, kwa fedha zake. Ukisaini kama mdhamini, deni likibaki ni lako. Hati hiyo ya uwakilishi, pamoja na ile ya kumteua wa kuamua matibabu, iandikwe mzazi angali na akili timamu. Akishapoteza ufahamu, njia inayobaki ni mahakama, nayo ni ndefu na ghali.

Hatua ya 7: Kuhamia na mwezi wa kwanza

Uliza kama anaweza kukaa kwa muda mfupi wa majaribio, wiki mbili au nne, kabla ya mkataba mrefu. Nyumba nyingi hukubali.

Peleka blanketi lake, kanga zake, picha zenye majina nyuma, redio. Bandika ukutani karatasi yenye maneno ya Kiswahili na maana zake kwa wahudumu: maji, choo, maumivu, baridi, njaa, pole. Mwenye dimenshia mara nyingi hupoteza lugha ya ukubwani na kurudi kwenye ya utotoni, na aliyekuwa akielewa Kiingereza mwaka jana anaweza asielewe leo. Waeleze pia kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi kwa jina lake la kwanza na kijana. Wamwite Mama, au Bibi, au Mzee. Wengi hufurahi kuambiwa, na utaona mzazi anavyotulia.

Tembelea kwa saa zisizotabirika. Mtazame mgongo na visigino. Omba orodha ya dawa kila mwezi, uilinganishe na ya daktari. Wiki ya kwanza atalia na kuomba umrudishe. Hilo hutokea hata katika nyumba nzuri. Ila akipungua uzito, akiwa na michubuko isiyo na maelezo, au akinyamaza kila mhudumu fulani anapoingia, usisubiri mwezi uishe. Mwandikie meneja siku hiyohiyo na ubaki na nakala. Usipopata jibu, mpigie ombudsmani na idara ya leseni ya jimbo. Ukiona hatari ya leo, piga 911. Sheria za majimbo zinakataza nyumba kumlipizia kisasi mkazi aliyelalamika, basi lalamika kwa jina lako na kwa maandishi, huku ukiwa na jina la nyumba ya pili kutoka kwenye orodha yako ya hatua ya 4.